Nyumba moja, namba nne: mthamini anaitoa wapi ile bei? Uzi kwa wenye nyumba, wakopaji na wanaosubiri fidia

Bikoni_Nyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki humu bila mtu kuja kulia kwamba mthamini, yaani mtaalamu anayekadiria thamani ya mali, "ameiua" nyumba yake. Kajenga kwa milioni 180, ripoti imekwenda benki ikiwa na milioni 120, afisa mikopo anamwambia atapata 60. Hapo wachangiaji wanamiminika: wezi hao, wako pamoja na benki, ungemtoa chochote kitu ungeona. Mimi ni mthamini niliyesajiliwa, niko kampuni binafsi hapa Dar. Nimeona nieleze kazi yenyewe inavyokwenda, mwenye hoja aje nayo.

Jambo la kwanza. Mthamini haulizwi tu "nyumba hii shilingi ngapi?" Anaulizwa shilingi ngapi, kwa kazi gani, na kwa tarehe ipi. Ukibadilisha kazi, namba inabadilika, na hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana ukurasa wa mwanzo wa ripoti unaandikwa dhumuni la uthamini na tarehe. Watu huuruka ukurasa huo na kukimbilia kwenye namba.

Tuchukue nyumba ya mfano, iko Goba, kiwanja kimepimwa, mita za mraba 600, nyumba ya vyumba vitatu, mita za mraba 130, bati la msauzi, jipsamu, madirisha ya aluminiamu. Namba zote hapa chini ni za mfano, msije kuniambia Goba kiwanja siyo bei hiyo.

Thamani ya soko: milioni 120. Hii ni bei ambayo muuzaji asiye na shida na mnunuzi asiyelazimishwa wangekubaliana, wote wanajua wanachokifanya, hawana undugu, na mali imetangazwa kwa muda wa kutosha. Soma tena hayo masharti, kila moja lina uzito.

Thamani ya mauzo ya haraka: milioni 90. Nyumba ni ileile, ila muda wa kutangaza umekatwa na muuzaji hana hiari. Hii ndiyo inayotazamwa na benki.

Thamani ya bima: milioni 109 hivi. Hapa ardhi inatoka kabisa, maana ardhi haiungui. Tunahesabu kujenga upya jengo na ukuta, bila kupunguza uchakavu, kisha tunaongeza kubomoa mabaki, ramani na mhandisi. Anayekatia bima kwa thamani ya soko anaweza kulipia kitu kisichohitajika, au akajikuta na fidia pungufu siku ya moto.

Thamani ya fidia, pale serikali inapotwaa eneo: ina kanuni zake za kisheria, nitaifikia.

Sasa 120 imetoka wapi? Kuna njia tatu kuu.

Ya kwanza ni kulinganisha na mauzo ya jirani ya karibuni. Natafuta nyumba na viwanja vilivyouzwa kweli maeneo hayo, kisha narekebisha: hii iko barabarani, ile iko ndani, hii ina hati, ile ina karatasi ya mauziano ya ofisi ya mtaa, hii iliuzwa mwaka juzi.

Ya pili ni gharama. Ardhi mita 600 kwa 80,000 ni milioni 48. Jengo mita 130 kwa 700,000 ni milioni 91 likiwa jipya. Lina miaka kadhaa, natoa asilimia 15 ya uchakavu, inabaki 77 na kidogo. Ukuta, geti na kisima, milioni 7. Jumla kama 132. Mnaona haijafika sawa na 120. Hapo ndipo mthamini anapolipwa, kuamua ushahidi upi una nguvu. Kwa nyumba ya kawaida ya kuishi, mauzo ya jirani yakiwepo ya kuaminika, hayo ndiyo yanayobeba, na gharama inabaki kuwa kipimo cha kujihakikishia.

Ya tatu ni mapato, kwa nyumba za kupangisha. Jengo la Sinza lenye vyumba sita vya familia, kila kimoja 400,000 kwa mwezi, linaingiza milioni 28.8 kwa mwaka. Toa miezi ya kukaa tupu, ukarabati, msimamizi, kodi, tuseme robo. Zinabaki 21.6. Kama wanunuzi wa majengo ya aina hiyo wanaridhika na mapato ya asilimia 8 kwa mwaka, jengo ni milioni 270. Wakitaka asilimia 10, ni milioni 216. Asilimia mbili tu zimekula milioni 54! Kwa hiyo ukiletewa ripoti ya jengo la kupangisha, usigombane na kodi ya mwezi. Muulize mthamini ile asilimia ameitoa wapi.

Sheli, hoteli na shule zina namna zake, tuziache.

Na ile milioni 180 uliyotumia? Humo ndani kuna fundi aliyejenga ukuta ukabomolewa, saruji iliyotembea usiku, na dari iliyobadilishwa kwa sababu mama watoto hakuipenda ya kwanza. Mnunuzi halipii historia hiyo. Na ukijenga jumba la ghorofa mbili katikati ya nyumba za vyumba viwili na vyoo vya nje, watu wenye pesa ya ghorofa wanatafuta mtaa mwingine. Jengo zuri, mtaa umelishusha.

Karibuni.

---

Mama_Kibamba

Asante mkuu kwa elimu, nimeweka kiti hapa. Ila yule aliyekuja kwangu alikaa nusu saa, akapiga picha choo na jiko, akaondoka. Nusu saa ndiyo anajua nyumba yangu?

---

Bikoni_Nyekundu

Dada, ile ya nyumbani ndiyo sehemu fupi ya kazi. Pale anapima jengo kwa nje, anaangalia bikoni (nguzo za mipaka ya kiwanja) zipo, anachukua alama za GPS, anatazama nyufa, dari yenye madoa ya maji, umeme, maji ya DAWASA, na barabara inapitika masika au la. Picha ya choo inaonyesha finishi, usimshangae.

Kazi kubwa iko mezani. Upekuzi wa daftari la ardhi: hati ni ya nani, imebaki miaka mingapi, kuna mkopo mwingine au zuio. Kuangalia matumizi yaliyopangwa, maana kiwanja cha makazi chenye gereji si kiwanja cha biashara. Kutafuta mauzo. Kisha ripoti yenyewe. Ripoti nyingi, za mikopo na fidia zikiwemo, zinapita tena ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa. Tangu Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, kuna Bodi inayosajili wathamini, na anayesaini bila usajili anatenda kosa. Muulize namba yake ya usajili kabla hajatoa futi kamba, ni haki yako.

Mambo yanayoshusha bei na wenye nyumba hawayasemi: kuwa ndani ya hifadhi ya barabara (eneo lililotengwa kando yake kwa ajili ya barabara), na kuwa ndani ya mita 60 za mto au ufukwe. Hizo mita 60 zimo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Nyumba inaweza kuwa na marumaru mpaka darini, ikiwa iko ukingoni mwa Msimbazi benki inaifunga faili.

---

Dalali_Mstaafu

Hahaha mnajifanya mna vitabu. Si mnatupigia simu sisi! "Mzee, kiwanja Madale sasa hivi kinakwendaje?" Bila madalali nyie mngekuwa mnaota tu bei.

---

Bikoni_Nyekundu

Mzee wangu umesema kweli, na sioni aibu. Tatizo ni kwamba dalali hutaja bei ya kuombwa. Bei ya kuombwa na bei iliyolipwa ni vitu viwili, wewe mwenyewe unajua nyumba inatangazwa 150 na mtu anaondoka nayo kwa 115. Ndiyo maana tunapiga simu kwa watu kadhaa na tunauliza ilichukua muda gani sokoni.

Kwa nini tunategemea simu badala ya mikataba? Hapa nawatupia mpira nyie. Mtu anauza kwa milioni 95, mkataba unaandikwa 40 ili kodi ya faida ya mauzo na ushuru wa stempu vipungue. Mnunuzi anakubali kwa sababu na yeye analipa kidogo, mwanasheria anagonga muhuri, na mwenyekiti wa mtaa anapata chake. Miaka miwili baadaye yule mnunuzi anakuja kukopa, analia nyumba imethaminiwa chini. Ushahidi wa bei ya mtaa wake aliufukia mwenyewe! Na atakapouza, faida yake kwenye karatasi itaonekana kubwa mno, kwa sababu alijiandikia amenunua kwa 40.

Nchi ambazo bei halisi za mauzo ziko wazi kwa kila mtu, mthamini anafungua daftari na kila mtu anaona. Uingereza, kwa mfano, msajili wa ardhi wa England na Wales huchapisha bei za nyumba zilizouzwa, moja moja kwa anwani. Sisi hapa tunapiga simu kwa Mzee Dalali.

---

Afisa_Mikopo

Naongezea upande wa benki. Hatupendi kuuza nyumba ya mtu, niaminini. Mnada una makaratasi, kesi, na wanunuzi wanaosubiri bei ianguke. Masharti ya mnada mara nyingi ni kulipa robo papo hapo na iliyobaki ndani ya siku chache, kwa hiyo wenye pesa taslimu ndio wanaokuja, nao hawaji kulipa bei kamili. Ndiyo maana mkopo tunaupigia hesabu kwenye thamani ya mauzo ya haraka, na hata hiyo tunatoa sehemu yake tu.

Jingine: ripoti umeilipia wewe lakini imeandikwa kwa ajili ya benki. Benki ya pili inaweza kuikataa kwa sababu kampuni hiyo haimo kwenye orodha yake. Ulizeni orodha kabla ya kulipa.

---

Kijana_wa_Chanika

Kwa hiyo benki ikiniuzia nyumba ya 120 kwa 50 nakaa kimya?

---

Bikoni_Nyekundu

Hapana, usikae kimya. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 133, inamtaka mkopeshaji anayeuza atafute bei bora inayopatikana wakati huo. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za mali za aina hiyo sokoni, sheria inachukulia kwamba amekiuka wajibu huo, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo inakuwa yake. Mkopaji anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yatenguliwe. Huko mahakamani ripoti ya uthamini iliyo karibu na tarehe ya mnada ndiyo silaha. Ripoti ya miaka mitano nyuma haitakusaidia sana.

Mnaona sasa kwa nini namba ya 90 kwenye mfano wangu ni 120 ikitolewa robo. Akili ya kifungu hicho imo kichwani mwa wathamini wengi.

---

Mpwani_Msa

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya Sheria ya Ardhi ya 2012 kifungu cha 97 iko karibu sawa na hiyo yenu, hata ile asilimia 25 ipo, na kabla ya kuuza mkopeshaji lazima afanyishe uthamini wa mauzo ya haraka. Mkopaji ambaye nyumba yake inauzwa bila uthamini huo ana pa kuanzia kesi.

Pia huku ukinunua, mthamini wa serikali ndiye hukadiria thamani ya ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Ukiandika bei ya mzaha kwenye mkataba, yeye huweka yake. Kwa hiyo ule mchezo wa 40 badala ya 95 hauendi mbali sana.

---

Mkulima_Kibaha

Mkuu uliahidi fidia. Kuna mradi unapita kwetu, tumeshaambiwa wathamini wanakuja. Nina nyumba ndogo, minazi, miembe, na kiwanja kingine kitupu. Nitegemee nini?

---

Bikoni_Nyekundu

Ndugu yangu, hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kwanza historia kidogo. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 haikulipa ardhi tupu. Ulilipwa ulichokiendeleza: nyumba, mazao. Sera ya Ardhi ya 1995 na sheria mbili za ardhi za 1999 ndizo zilizotamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Kwa hiyo mzee yeyote kijijini anayekuambia "kiwanja kitupu hakilipwi" anakumbuka zamani.

Kanuni za fidia za 2001 zinataja vipande. Thamani ya ardhi na maendelezo. Posho ya usumbufu: thamani hiyo mara wastani wa riba ambayo benki za biashara zinatoa kwa amana za muda maalumu za miezi 12. Posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba ya aina yako, mara miezi 36. Posho ya usafiri: gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Na kama una biashara pale, hasara ya faida: faida halisi ya mwezi mara miezi 36.

Kwa mfano, nyumba na ardhi vimekuja milioni 60. Riba tuseme asilimia 8, usumbufu ni 4.8. Nyumba kama yako inapangishwa 150,000, makazi ni 5.4. Tayari ni milioni 70.2 kabla ya usafiri. Kiwanja chako kitupu kitapata thamani yake na usumbufu. Makazi, usafiri na faida havitolewi kwa ardhi isiyokaliwa.

Minazi na miembe inahesabiwa mmoja mmoja, kwa hatua ya ukuaji: mche, mti mchanga, unaozaa, uliozeeka. Viwango hutoka serikalini, mthamini aliye shambani hatungi bei ya mnazi. Kwa hiyo bishana naye kwenye idadi na hatua, huko ndiko makosa yanakotokea. Tembea naye mti kwa mti, akiandika na wewe andika. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, na baki na nakala au hata picha ya simu. Mke na mume wawepo wote. Mtapigwa picha mmeshika kibao chenye namba mbele ya nyumba, msiidharau, ndiyo inayofunga mali na mtu.

Na tafadhali, msipande mapapai usiku baada ya kusikia mradi. Kuna tarehe ya ukomo, siku uthamini unapoanza, na kinachoota baada ya hapo hakihesabiwi.

Kuhusu muda: fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita baada ya Mthamini Mkuu kuidhinisha, ikipita hapo inadaiwa riba. Na sheria ya 2016 imeupa uthamini wa fidia uhai wa miaka miwili. Ukipita bila kulipwa, unatakiwa kufanyika upya kwa bei za wakati huo. Andikeni tarehe ya kuidhinishwa ukutani kabisa.

---

Mama_Kibamba

Na uchakavu? Wakinilipa nyumba yangu ikiwa imepunguzwa uchakavu, nitajengaje nyingine? Duka la vifaa haliuzi saruji iliyochakaa.

---

Bikoni_Nyekundu

Umegusa kidonda chenyewe dada. Kanuni zinasema thamani ya soko, na njia ya gharama zimeiweka kwa mali za pekee zisizouzika kirahisi. Lakini vijijini mauzo ya kulinganisha ni haba, kwa hiyo mkono unaenda kwenye gharama ikipunguzwa uchakavu. Matokeo yake ndiyo hayo unayosema. Mimi naona ni udhaifu wa mfumo, na wenzangu wengi kwenye fani wanakubali wakiwa pembeni.

Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, au inayofuata viwango vya IFC (tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi), inatakiwa ilipe gharama kamili ya kujenga upya bila kutoa uchakavu. Kwa hiyo Mkulima_Kibaha, swali la kwanza kwenye mkutano wa kijiji liwe: nani anafadhili, na tunalipwa kwa kiwango kipi?

---

Kijana_wa_Chanika

Alama za X zinazochorwa kwenye nyumba za kando ya barabara je? Bibi yangu kawekewa ya kijani, jirani nyekundu.

---

Bikoni_Nyekundu

Bibi ana nafuu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Aliyekutwa kwenye zile mita 7.5 za nyongeza anastahili fidia, huyo ndiye wa kijani. Nyekundu ni yule aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani. Zipo barabara zenye hifadhi pana zaidi, kwa hiyo kabla ya kununua kiwanja cha pembezoni mwa barabara kuu nenda TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, usiulize muuzaji.

---

Dalali_Mstaafu

Sasa mtu asiporidhika na namba ya mthamini wa benki afanye nini? Maana nyie mkishasaini hamrudi nyuma.

---

Bikoni_Nyekundu

Tunarudi, ukileta ushahidi. Omba ripoti uisome. Angalia makosa ya vitu: eneo la kiwanja, ukubwa wa jengo, umri, chumba kilichosahaulika, nyumba ya wapangaji nyuma isiyoandikwa. Hayo yanasahihishwa bila ugomvi. Kisha angalia mauzo aliyolinganisha. Kama alitumia ya mtaa wa bondeni na wewe uko mlimani, leta mauzo ya kwenu yenye mkataba na risiti. Ukija na "fundi wangu anasema inafika 200" sina pa kuiweka.

Unaweza pia kuajiri mthamini mwingine. Wathamini wawili wakitofautiana kidogo ni kawaida, kila mmoja ana ushahidi wake. Wakitofautiana kwa nusu kwa nusu, mmoja ana swali la kujibu mbele ya Bodi.

Na ile ya "ungemtoa chochote": wapo wanaokubali, siwezi kuwatetea. Ila mwenye kupandishiwa bei anajifunga mwenyewe. Unapewa mkopo ambao nyumba haiwezi kuubeba, ukishindwa kulipa mnada unaleta nusu, nyumba imekwenda na deni limebaki.

---

Mpwani_Msa

Swali la mwisho kutoka kwangu. Sisi ni ndugu watano, baba katuachia nyumba, mmoja anataka kununua sehemu zetu sisi wengine. Anasema atumie uthamini wa siku baba alipofariki, miaka kumi iliyopita.

---

Bikoni_Nyekundu

Hapana bwana. Uthamini wa siku ya kifo una matumizi yake, unaonyesha mali ya marehemu ilikuwa na ukubwa gani wakati ule. Leo mnauziana, kwa hiyo tarehe ni ya leo na dhumuni ni mauzo kati ya ndugu, thamani ya soko, siyo ya mauzo ya haraka. Ajirini mthamini mmoja kwa pamoja, barua ya kumwajiri muisaini nyote watano, na kila mmoja apewe nakala. Kama ndugu huyo ndiye aliyekarabati nyumba kwa pesa yake, mwambieni mthamini mapema aonyeshe ukarabati huo peke yake, ili mjadili nani anastahili nini mkiwa na namba mkononi.

Kesho niko saiti mpaka jioni. Wenye maswali ya pagale na nyumba zisizo na hati yawekeni hapa, nitayapitia usiku.